Chora Kwanza Mbele za Mungu



Kijana mwenzangu, kuna mambo ukipiga magoti kusali maneno hayatoki. Umefiwa, umekosa chuo, au una furaha mpaka hujui uanzie wapi. Leo tujifunze njia nyingine: kuchora kwa simu au kompyuta, na kuufanya mchoro huo kuwa sala.

Kipaji ni cha nani?

"Mimi sijui kuchora bwana!" Wengi wetu tunaishia hapo. Soma kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu anamwita Besaleli kwa jina na kumjaza Roho wake ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Kumbe hata kazi ya mikono ni karama. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake kwa wasanii ya mwaka 1999, alifundisha kwamba si wote wanaoitwa kuwa wasanii, ila kila mtu amekabidhiwa maisha yake ayatengeneze kama kazi nzuri ya sanaa. Kwa hiyo usisubiri uwe fundi ndipo uanze.

Anza hivi

1. Pakua programu. Kwa kompyuta ipo Krita, ni ya bure kabisa. Kwa simu jaribu ibisPaint. Toleo lake la bure lina matangazo, yavumilie tu. Kidole chako kinatosha kuwa kalamu.

2. Chagua brashi moja na rangi tatu. Brashi ziko nyingi sana. Ukitaka kuzijaribu zote, saa nzima itapita hujachora kitu.

3. Tumia matabaka. Fikiria karatasi za plastiki zinazoonesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mistari ichore kwenye tabaka la juu, rangi ipake kwenye tabaka la chini yake. Hapo rangi haitafunika mistari yako.

4. Kwa dakika kumi za kwanza usiguse kitufe cha kurudisha nyuma. Ukifuta kila mstari usiokupendeza, hutamaliza. Mungu anakupokea ulivyo, basi na mstari uliopinda uache ukae.

Nichore nini? Soma Luka 15, habari ya mwana mpotevu, kisha chora kitu kimoja tu: ile njia ya kurudi nyumbani, au mikono ya baba. Au chora kinachokusumbua moyoni. Hofu yako ina rangi gani? Ipake.

Kishawishi cha laiki

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Picha haijakauka, tunasema, tayari iko stetasi! Ikipata laiki tatu tunanyong'onyea na kuacha kabisa.

Mtazame Fra Angelico, mtawa Mdominikani wa karne ya 15. Katika konventi ya San Marco, Florence, alichora kwenye kuta za vyumba vidogo walimolala watawa wenzake. Ndugu mmoja, chumba kimoja, picha moja ya kumsaidia kusali. Hakukuwa na umati wa kumpigia makofi, na bado alichora vizuri. Mwaka 1982 alitangazwa Mwenye Heri, na mwaka 1984 akawekwa kuwa msimamizi wa wasanii.

Kushirikisha wengine si dhambi. Picha yako inaweza kumwinua mtu. Ila ianze kwa Mungu.

Zoezi la wiki

Chora picha moja. Usiiposti kwa siku saba. Kila usiku ifungue, itazame kimya dakika moja, kisha lala. Siku ya saba jiulize:

- Nimemwambia Mungu nini ambacho sikuwahi kumwambia?
- Nani anahitaji kuiona picha hii, hata kama ni mtu mmoja tu?

Tusali

Ee Mungu Muumba, pokea mistari yangu iliyopinda na rangi nilizozichanganya vibaya. Umeona nilichotaka kusema. Nifundishe kufurahi kwamba Wewe umeona. Amina.