Fungu la Kuziba Ufa

Ndugu msomaji, wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi twaikariri methali hii, lakini ifikapo saa ya kutoa fedha twatenda kinyume chake. Mtoto akipigwa hata akavunjwa mkono, au akiachwa siku nyingi bila chakula wala mwangalizi, watu huchanga upesi, kwa kuwa wamemwona. Bali mtoto aliyeepushwa na madhara hayo haonekani na yeyote. Kwa sababu hiyo kazi ya kuzuia hukosa mfadhili. Katika somo hili tutazame jinsi watu wa Marekani walivyolikabili jambo hili.

Mwaka 1962 Daktari C. Henry Kempe na wenzake walieleza katika jarida la waganga kwamba baadhi ya majeraha ya watoto wadogo, yaliyodhaniwa kuwa ya ajali, yalitokana na mikono ya wazazi au walezi wao. Katika miaka michache majimbo yote yalitunga sheria za kuwataka waganga watoe habari za watoto wa namna hiyo. Mwaka 1974 serikali kuu nayo ikapitisha sheria yake. Hata hivyo, nguvu nyingi zilikwenda katika kupeleleza mashauri na kuwaondoa watoto katika nyumba za hatari. Yaani, ukuta ulikuwa umekwisha anguka.

Ndipo Daktari Ray Helfer, mganga wa watoto, aliposhauri litengwe fungu maalumu kwa kazi ya kuzuia tu. Jimbo la Kansas lilitangulia mwaka 1980: liliongeza ada ya cheti cha ndoa, na nyongeza hiyo ikatiwa katika fungu hilo. Tafakari, ewe msomaji, hekima iliyomo humo. Watu wanaoanza nyumba mpya hutoa kidogo kwa ajili ya usalama wa watoto wa wote, na fedha huingia kila mwaka bila kungoja habari ya msiba. Majimbo mengine yalitumia ada ya vyeti vya kuzaliwa, au hiari ya walipa kodi.

Je, ni kazi gani istahiliyo kugharimiwa? Mfano mmoja ni wa mji wa Elmira, katika jimbo la New York, ambako mwishoni mwa miaka ya 1970 wauguzi waliwazuru majumbani akina mama wenye mimba ya kwanza, wakaendelea hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Baada ya miaka 15, mashauri ya watoto kudhulumiwa au kutelekezwa yalionekana kuwa pungufu kwa karibu nusu, yakilinganishwa na ya akina mama wasiozuriwa. Lakini penye mapigano mengi baina ya watu wazima wa nyumba, faida hiyo haikuonekana. Basi fedha haitoshi peke yake; yapasa pia amani ya nyumba itafutwe.

Kwa hiyo, uombwapo mchango kwa ajili ya watoto, uliza mambo matatu: Je, fedha hii itapatikana na mwakani? Je, itamfikia mzazi kabla hajaelemewa? Je, kuna atakayepima matokeo yake? Ukijibiwa vema, toa, ijapokuwa hutamjua kamwe mtoto uliyemwokoa. Kutomjua huko ndiko dalili ya kwamba ufa umezibwa.