Je, ukuta wa chini ya maji utatuliza mawimbi ya Dunga?

Swali: Mawimbi ya alasiri hugonganisha boti zetu hapa Dunga, Kisumu. Tukijenga ukuta wa mawe uliozama, kompyuta inaweza kutuambia mapema kama utafaa?

Jibu: Inaweza, mradi ipewe vipimo vya kweli: kina cha maji, kasi ya upepo, na umbali ambao upepo huvuma juu ya Ghuba ya Winam. Programu huigawa ghuba katika vijisehemu vidogo, kisha hukokotoa nishati ya mawimbi inayoingia na kutoka katika kila kimoja. Programu moja ya aina hiyo, SWAN, iliyotengenezwa Delft, Uholanzi, hupatikana bure.

Angalieni hasa kina cha maji juu ya ukuta. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 3 huwa na urefu wa mita 14 hivi penye kina kirefu, na nguvu yao nyingi iko karibu na uso wa maji. Ukuta ulio chini mno hauyavunji. Ukuta ukiyapunguza mawimbi kimo kwa nusu, nishati yao hubaki robo.

Maji yakipanda, ukuta huzama zaidi; kwa hiyo jaribuni hesabu hiyo pia kwa maji ya juu kama ya 2020, ziwa lilipofurika. Na mafunjo msiyakate: nayo hupunguza nguvu ya mawimbi.