Kupima Kinga ya Polio kwa Damu

Kadi ya kliniki huonyesha kwamba mtoto amepewa chanjo. Haionyeshi kwamba mwili wake umepata kinga. Matone huweza kutemwa, au kuharibiwa na joto kabla ya kumfikia mtoto. Kwa hiyo hesabu ya dozi zilizotolewa si kipimo cha kinga ya watu.

Uchukuliwe mfano wa Mkoa wa Mara. Mtafiti atakayepima watoto waliofika kliniki mjini Musoma peke yao atapata jibu la kupendeza, lakini la uongo, kwani amewapima wale wale waliokwisha kufikiwa na chanjo. Hana budi kuchagua mitaa na vijiji kwa kura, kwa kadiri ya wingi wa watu, ili wavuvi wa pwani ya Bunda na vijiji vya Butiama vilivyo mbali na barabara navyo viweze kuangukiwa. Watoto wachanga wasichanganywe na wengine, maana damu yao huwa bado na kinga waliyopewa na mama.

Damu ikiisha kuganda, majimaji yake, yaani seramu, hutengwa. Seramu huzimuliwa 1 kwa 8, 1 kwa 16, 1 kwa 32, na kuendelea maradufu. Kila mchanganyiko hutiwa virusi vya polio kwa kiasi maalumu, kisha seli hai. Baada ya siku 5 hivi seli hutazamwa kwa darubini. Zikiwa zimekufa, kinga haikutosha. Zikiwa hai, kingamwili zimevishinda virusi. Seramu inayolinda seli ikizimuliwa 1 kwa 8 au zaidi huhesabiwa kuwa na kinga.

Kipimo hurudiwa kwa kila moja ya aina 3 za virusi, kwa kuwa kinga ya aina moja haitoshi kwa nyingine. Jambo hili si dogo. Aprili 2016 aina ya 2 iliondolewa katika matone ya kawaida duniani kote, na chanjo ya sindano yenye aina hiyo ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2018. Waliozaliwa katikati waliachwa na pengo. Mwaka 2023 virusi vya aina ya 2, vilivyotokana na virusi dhaifu vya chanjo na kurudia ukali kwa kuenea miongoni mwa watu wasio na kinga, vilimpooza mtoto mkoani Rukwa.

Hata hivyo seramu haisemi lolote juu ya utumbo. Aliyepata sindano tu hulindwa asipooze, ilhali virusi huweza kukaa tumboni mwake na kutoka na choo. Ndiyo maana maji taka nayo huchunguzwa.