Chokaa, Kalisi na Ualkali: Somo la Mizani ya Matumbawe kutoka Feri, Mombasa

Utangulizi

Msafiri anayesubiri kivuko Feri, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, husimama juu ya jiwe la matumbawe. Majabali ya Mama Ngina yaliyo karibu na hapo ni mwamba wa matumbawe ya kale. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilijengwa kwa mawe ya aina hiyo hiyo yakiunganishwa kwa chokaa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Pwani anapofundishwa shuleni jinsi matumbawe yanavyojijenga, somo hilo humfikia kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mizani ya kalisi na ualkali, inayowahangaisha wafugaji wa matumbawe katika matangi ya vioo, yaweza kufafanuliwa kwa Kiswahili, tena kwa msamiati ambao wakazi wa Mji wa Kale wanao tayari.

Maana ya Dhana

Kalisi ni elementi iliyomo katika chokaa, mifupa na makombe. Ualkali ni uwezo wa maji wa kuihimili asidi. Baharini uwezo huo hutokana zaidi na bikaboneti na kaboneti. Tumbawe huvichukua viwili hivi, kalisi na kaboneti, likaviunganisha kuwa kalisi kaboneti, yaani jiwe.

Mchoma chokaa alipita njia ya kinyume. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa. Joto likaifukuza hewa ukaa, ikabaki chokaa kali. Ilipotiwa maji ilichemka na kulainika. Ilipopakwa ukutani iliivuta tena hewa ukaa taratibu, ikarudi kuwa jiwe.

Hesabu ya Mizani

Lita moja ya maji ya bahari huwa na kalisi ya takriban miligramu 420. Ualkali wake, ukipimwa kwa kulinganishwa na kalisi kaboneti, ni takriban miligramu 115. Kila miligramu 100 za jiwe linalojengwa hutumia miligramu 40 za kalisi na kupunguza ualkali kwa miligramu 100.

Tuchukue mfano wa tangi ambalo matumbawe yake yamejenga miligramu 50 za jiwe kwa kila lita. Kalisi itashuka kutoka 420 hadi 400, upungufu usioshtua. Ualkali utashuka kutoka 115 hadi 65, karibu nusu ya akiba yote. Kwa hiyo anayepima kalisi pekee hudanganyika: huona ghala limejaa ilhali matumbawe yamekwisha kudumaa. Baharini maji hubadilishwa na mikondo na kupwa na kujaa. Tangini hakuna wa kuyabadilisha ila mfugaji.

Tiba hufuata aina ya upungufu. Vyote viwili vikishuka pamoja, hutumiwa maji ya chokaa yaliyotuama, kwa kuwa chokaa hurudisha kalisi na ualkali kwa uwiano ule ule uliotumika. Maji hayo ni makali mno, hivyo hudondoshwa tone kwa tone. Ualkali pekee ukipungua, huongezwa bikaboneti ya sodiamu, iliyo jamii moja na magadi yanayolainishia maharage jikoni. Kalisi pekee ikipungua, huongezwa kalisi kloridi. Viwili hivi havitiwi kwa pamoja mahali pamoja, kwani hugandana na kuanguka chini kama unga mweupe. Magnesi, takriban miligramu 1,300 kwa lita, husaidia kuzuia mgando huo. Ikipungua, mizani huwa vigumu kuisimamisha.

Umuhimu kwa Pwani

Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Juu ya joto hilo, hewa ukaa inayozidi angani huyeyuka baharini na kupunguza kaboneti ambayo matumbawe huihitaji. Tangi laweza kutiwa chokaa. Bahari ya Hindi haiwezi kutibiwa hivyo. Mvuvi anayetegemea mwamba ana haki ya kuelezwa jambo hili kwa lugha anayoifikiria.

Hitimisho

Imebainika kwamba chokaa, magadi na mizani ni maneno yanayobeba sehemu kubwa ya somo hili, na kwamba istilahi ngeni zinazohitajika ni chache. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa sayansi kuandaa masomo ya namna hii, wakianzia kwa maneno ya mafundi, wapishi na wavuvi kabla ya kukopa.