Kutoka Orodha hadi Mti: Kuonyesha Misimbo ya Selimundu kwa Programu Fupi

Utangulizi

Katika kadi za kliniki na kumbukumbu za hospitali, jina la ugonjwa mara nyingi huambatana na herufi na tarakimu chache, kama vile D57.1 au D57.3. Mgonjwa huziona asizielewe, na mhudumu wa afya aliyeelemewa na foleni huziandika kwa haraka. Misimbo hii miwili hutofautiana kwa tarakimu moja tu. Hata hivyo, wa kwanza ni wa mtu anayeugua selimundu, na wa pili ni wa mtu anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Makala hii inaeleza jinsi orodha ya misimbo iliyomo katika faili la maandishi inavyogeuzwa kuwa mchoro wa mti kwenye kompyuta, na jinsi mchoro huo unavyofichua makosa ambayo orodha huyaficha.

Ainisho lenye umbo la mti

Misimbo hiyo hutoka katika Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, linalosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo iliyowasilishwa na Mfaransa Jacques Bertillon mjini Chicago mwaka 1893. Toleo la 10, ambalo mfano wa makala hii unalifuata, liliidhinishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022.

Ainisho hili limepangwa kama mti. Sura ni shina, makundi ni matawi, na kila ugonjwa ni kitawi kinachoshikwa na tawi moja tu. Sehemu ya selimundu inaweza kuandikwa hivi katika faili linaloitwa magonjwa.txt:

D50-D89 Magonjwa ya damu
    D55-D59 Upungufu wa damu kwa kuvunjika seli nyekundu
        D57 Matatizo ya selimundu
            D57.0 Selimundu yenye shambulio
            D57.1 Selimundu isiyo na shambulio
            D57.2 Selimundu pamoja na hitilafu nyingine ya himoglobini
            D57.3 Kubeba kinasaba kimoja cha selimundu

Hakuna alama yoyote inayotaja mzazi wa mstari. Kinachotambulisha uzazi ni nafasi tupu mwanzoni mwa mstari: kila nafasi 4 zinazoongezeka hushusha ngazi moja.

Programu

Programu ifuatayo imeandikwa kwa lugha ya Python na hutumia Tkinter, zana ya kuchora madirisha.

import tkinter as tk
from tkinter import ttk

dirisha = tk.Tk()
mti = ttk.Treeview(dirisha)
mti.pack(fill="both", expand=True)

njia = [(-1, "")]
with open("magonjwa.txt", encoding="utf-8") as faili:
    for mstari in faili:
        if not mstari.strip():
            continue
        nafasi = len(mstari) - len(mstari.lstrip(" "))
        while njia[-1][0] >= nafasi:
            njia.pop()
        tawi = mti.insert(njia[-1][1], "end", text=mstari.strip(), open=True)
        njia.append((nafasi, tawi))

dirisha.mainloop()

Kiini cha programu ni orodha iitwayo njia. Orodha hiyo hukumbuka mababu wa mstari unaosomwa, kuanzia shina hadi tawi la mwisho. Programu husoma mstari mmoja baada ya mwingine na kuhesabu nafasi tupu za mwanzo. Kisha huondoa katika njia kila tawi lenye nafasi sawa na za mstari huo au zaidi, kwa kuwa tawi hilo haliwezi kuwa mzazi wake. Tawi linalobaki mwishoni mwa njia ndilo mzazi. Kwa mfano, programu inapofika D57.1 yenye nafasi 12, huondoa D57.0 yenye nafasi 12 pia, na kukuta D57 yenye nafasi 8. Hapo ndipo D57.1 huning'inizwa.

Kosa lisiloonekana

Tuchukulie kwamba karani, akiandika mstari wa D57.1, amebonyeza kitufe cha Tab badala ya nafasi 12. Kwa macho, orodha inaweza kuonekana sawa kabisa. Programu, ambayo huhesabu nafasi tupu pekee, hupata sifuri, na D57.1 huwa shina jipya lisilo na mzazi. Mistari inayofuata, D57.2 na D57.3, ina nafasi 12, hivyo huning'inia chini ya D57.1. Mtu anayebeba kinasaba tu huwa amewekwa ndani ya kundi la wagonjwa. Katika mchoro kosa hilo huonekana papo hapo, kwa sababu D57.1 hujitokeza pembeni kabisa mwa dirisha.

Pale mti sahihi unapohitaji uangalifu

Hata mti usio na kosa unaweza kumpotosha asiyeusoma vizuri. Toleo la 10 limeweka D57.3 chini ya D57, pamoja na ugonjwa wenyewe. Mfano: kliniki ina watu 30 walioandikwa chini ya D57, na 12 kati yao ni D57.3. Anayejumlisha tawi zima ataripoti wagonjwa 30, na dawa zitaagizwa kwa hesabu hiyo, ilhali wanaougua ni 18. Ni wajibu wa mtunza takwimu kushuka hadi kwenye vitawi kabla ya kujumlisha.

Kwa mgonjwa na familia, tofauti hiyo ni nzito zaidi. Mwenye D57.3 kwa kawaida huishi na afya njema na hahitaji dawa za kila siku za selimundu. Mtoto mwenye D57.0 au D57.1 huhitaji kliniki ya mara kwa mara, kinga dhidi ya maambukizi, na matibabu ya haraka anapopata homa au maumivu makali. Mtoto huyo akiandikwa D57.3 kwa makosa, anaweza kukosa huduma hizo. Aidha, mwenye D57.3 ana jambo la kuzingatia katika uzazi: ikiwa wazazi wote wawili wanabeba kinasaba hicho, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na selimundu.

Hitimisho

Faili la maandishi ni rahisi kuandika na kuhifadhi, na mchoro wa mti ni rahisi kukagua. Kila kimoja hukamilisha kingine. Wahudumu wanashauriwa kufungua mti kila orodha inapobadilishwa na kuhakikisha kila kitawi kina mzazi wake. Naye mgonjwa anayo haki ya kuuliza msimbo ulioandikwa kwenye kadi yake una maana gani, na kupewa jibu kwa lugha anayoielewa.