Mbwa wa Kienyeji wa Rungwe: Sifa na Matunzo Yake

China ina mbari kongwe ya mbwa iitwayo Chow Chow. Mbwa huyo ana manyoya mazito ya tabaka mbili na ulimi wa buluu iliyokolea hata kukaribia weusi. Mbari ni jamii ya wanyama ambao watu wamewazalisha kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi, mpaka sifa fulani zikathibitika. Mbwa wa kienyeji wa vijiji vya Rungwe hakuchaguliwa hivyo. Ndiyo maana wengi humwita koko na kumdharau. Je, dharau hiyo ina msingi katika sayansi?

Asili

Mbwa wote wafugwao, wa China na wa Tukuyu, ni spishi moja. Walitokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye si yule mbwa mwitu wa mbuga za Afrika. Ufugaji wake ulianza zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba tofauti za urithi miongoni mwa mbwa hao ni nyingi, zikikaribia zile za mbwa wa vijiji vya Asia ya Mashariki. Kwa hiyo mbwa wa kienyeji ni hazina ya urithi, wala si takataka ya mbari nyingine.

Sifa

Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwilini kama mtu. Hupoa hasa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Manyoya mafupi na mwili mwembamba humsaidia mbwa wa kienyeji kupoteza joto, ilhali Chow Chow hutaabika upesi penye jua kali. Lakini Tukuyu iko katika nyanda za juu, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo manyoya mafupi hayamtoshi mnyama aliyelowa usiku wa baridi.

Matunzo

Banda lake liinuliwe kutoka ardhini, liezekwe vizuri na kuelekezwa mbali na upepo wa mvua. Ugali mtupu haumtoshi. Uchanganywe na dagaa, mabaki ya nyama au maziwa, na maji safi yawepo daima. Asipewe matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa, kwani hupata humo minyoo inayoweza kumdhuru hata binadamu. Apewe dawa ya minyoo, na kupe na viroboto waondolewe.

Kichaa cha mbwa

Ustahimilivu wa mbwa wa kienyeji si kinga dhidi ya kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa katika mate na huingia mwilini kwa jeraha, kisha hufuata neva mpaka kwenye ubongo. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu hana budi kufa. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani huambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia ili apate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Maambukizi hukatika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa. Mwenye kumchanja mbwa wake, basi, humlinda pia mtoto wa jirani.

Maswali

1. Kijiji kina mbwa 120. Wachanjwe wangapi ili kufikia asilimia 70?
2. Kwa nini chanjo ya mwaka mmoja haitoshi, ilhali mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu na kuzaa watoto kadhaa?
3. Taja sifa moja ya mbwa wa kienyeji inayomfaa Kyela penye joto lakini humpa shida Tukuyu.