TEZI SI UGONJWA: SOMO LA UBAHARIA KWA SISI WA BARA

Mpenzi msomaji, kama ulipita karibu na darasa letu la kidato cha tatu muhula wa kwanza, bila shaka ulisikia kicheko. Aliyekuwa akichekwa ni mimi. Tulikuwa tumepewa insha ya methali: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nami, kijana wa Ndalu niliyelelewa kati ya mahindi na ng'ombe, nikajaza kurasa mbili na nusu juu ya mzee aliyevimba shingo kwa ugonjwa wa tezi. Akalazwa hospitali huko Kitale, shuka zake zikafuliwa kwa Omo, halafu akapona na kurudi kwao katika kijiji kiitwacho Ngamani. Mwalimu alinipa alama tatu kwa ishirini, ati za hati nzuri.

Kucheka si neno. Kilichoniuma ni kwamba methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Katika mtihani wanakupa nusu ya kwanza, wewe unamalizia ya pili, na mimi siku zote nilimalizia sawasawa. Kumbe nilikuwa nimeipata mara nyingi bila kuielewa hata mara moja!

Basi likizo ya Agosti nilipokwenda kwa mjomba Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 800, nilimwomba anipeleke Bandari ya Kale. Huko tukamkuta mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia, amekaa kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamweleza, pamoja na habari ya yule mgonjwa wangu na shuka zake. Alicheka kuliko darasa zima. Kisha akachukua mkongojo wake, akachora jahazi mchangani.

Omo ni mbele ya chombo, kule kunakokata maji. Tezi ni nyuma, penye usukani, na hapo ndipo mahali pa nahodha. Chini kabisa ya chombo, juu ya ule mti mkuu uitwao mkuku, ndipo ngama. Chombo cha mbao hakikosi kupitisha maji kidogo kidogo katikati ya mbao, na maji yote hayo hukusanyika ngamani. Lazima mabaharia washuke kwa zamu kuyafua. (Kufua maji ni kuyatoa chomboni. Hapo nusura nirudi tena kwa sabuni!) Baharia anaweza kuwa omo akichungulia miamba, au tezi akipokea amri, lakini zamu yake ikifika atashuka tu. Ndiyo maana ya "marejeo ni ngamani": zunguka utakavyo, mwisho utarudi pale penye asili yako na kazi yako.

Sasa tuje kwenye tanga, maanake hapa ndipo kazi ilipo. Tanga la jahazi hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali, nao huning'inia kwenye mlingoti kwa mshazari. Kamba ya kuutweka ni henza. Katika vyombo vikubwa foromali iliweza kulingana na chombo chenyewe kwa urefu, kwa hiyo watu wengi waliivuta henza pamoja, kwa nyimbo na ngoma, ili mikono yote ivute kwa wakati mmoja. Pembe ya nyuma ya tanga hushikwa na kamba iitwayo demani. Upande unakotoka upepo ni joshini, na ule mwingine ni demani, jina sawa na la kamba.

Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule unakotoka upepo. Lazima kiende upande, kigeuke, kiende upande wa pili, kigeuke tena. Kazi hiyo huitwa kubisha, kitenzi kile kile tunachotumia tunapobishana hapa katika mijadala ya Ijumaa.

Kugeuka kwenyewe ndiko kunakohitaji watu. Hebu fikiria jembe la ng'ombe likifika mwisho wa shamba. Mmoja anaongoza ng'ombe mbele, mwingine ana mjeledi, wa tatu anainua jembe. Asipoinua kwa wakati, mstari unaharibika na ng'ombe wanajikanyaga. Jahazi kubwa nalo ni hivyo hivyo, ila lina hatari zaidi. Nahodha hageuzi omo kuelekea upepo, bali tezi. Demani inalegezwa, foromali inasimamishwa wima sambamba na mlingoti, inapitishwa mbele yake hadi upande wa pili, na kamba zote zinahamishwa. Haya hufanyika chombo kikiyumba, pengine usiku. Upepo ukiwahi kulipiga tanga kutoka mbele, hulibana kwenye mlingoti, na mlingoti huweza kuvunjika.

Ukishaelewa hilo, ile methali nyingine inajieleza yenyewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mrama ni kule kuyumba huku na huku. Nahodha mmoja aseme "legeza" na mwingine aseme "shika" wakati foromali iko wima, uone kitakachotokea!

Nilimuuliza mzee kama walikuwa wakishindana mbio. Akanijibu kwamba walishindana na msimu. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi, inayoanza Aprili, iliwarudisha. Lakini Juni na Julai kusi huwa kali na bahari huchafuka, kwa hiyo nahodha aliyechelewa kupakia alibaki akingoja hadi ipoe. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda chombo cha Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, wakapita Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakarudi Kuwait katika 1939. Aliyaandika hayo katika kitabu chake Sons of Sindbad. Siku hizi mashindano yenyewe utayaona Lamu, wakati wa Maulidi na katika tamasha la utamaduni. Huko baadhi ya mabaharia hutambaa nje juu ya ubao, upande wa joshini, uzito wao uzuie chombo kisipinduke.

Duniani kuna mbio ndefu zaidi, za kuzunguka bahari zote. Katika zile ziitwazo Clipper, zilizoanza mwaka 1996, mabaharia wengi ni watu wa kazi za kawaida wanaojilipia na kufunzwa kabla ya kuondoka. Wanafanya kazi kwa zamu, usiku na mchana: huyu usukani, hawa kamba, yule jikoni. Aliyezianzisha ni Mwingereza, Robin Knox-Johnston, na habari yake ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Mwaka 1968 watu tisa waliingia katika mbio za kuzunguka dunia, kila mtu peke yake, bila kusimama popote. Knox-Johnston alikuwa na mashua ya mbao iliyojengwa Bombay, jina lake Suhaili. Waarabu wa Ghuba huuita hivyo upepo wa kusini-mashariki, na ukifungua kamusi yetu utakuta "suheli", yaani kusini. Humo alikuwa nahodha, mshika usukani, mpishi na baharia kwa pamoja. Akiwa bado katika Atlantiki akaona maji yanaingia kuliko kawaida, yanapenya kwenye maungio ya mbao chini, karibu na mkuku. Ikabidi ajitose baharini, apige mbizi chini ya mashua yake mwenyewe mara nyingi, atie kalafati mpaka maji yakome. Yaani hata yeye, marejeo ngamani! Aliondoka bandari ya Falmouth tarehe 14 Juni 1968, akarudi Falmouth ile ile tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Kati ya wale tisa, ni yeye tu aliyemaliza.

Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuandika insha upya. Safari hii mzee wangu si mgonjwa tena. Ni baharia aliyezunguka bandari zote, akazeeka, akarudi kwao Ndalu kwa lori la mahindi. Nimepata kumi na nne. Mwalimu ameniambia ningepata zaidi, ila kila palipo na mkuku niliandika mkuki.